Soko la Kariokor: kukagua kiondo, kula nyama na kuchagua akala

Saa nne asubuhi moshi wa Kariokor bado ni mwembamba na mafundi ndio kwanza wanatandaza kazi zao. Huo ndio wakati wa kununua. Saa saba mchana, hasa Ijumaa, ni wakati wa kula. Anayetaka kufanya yote mawili ndani ya saa moja ya mapumziko ya kazini huishia kutafuna nyama iliyoharakishwa na kubeba kikapu ambacho hakukitazama ndani. Tenga saa tatu. Anza na vyondo, vikapu vya kufumwa, kisha ukaagize nyama, halafu uangalie akala, viatu vya tairi, nyama ikiwa motoni.

Soko liko mashariki ya katikati ya jiji la Nairobi, karibu na raundabauti ya Kariokor. Ngara iko upande mmoja, Ziwani na Starehe upande mwingine, na Pumwani ni mbele kidogo. Kwa miguu kutoka Tom Mboya Street, ukifuata Race Course Road, ni mwendo wa dakika 20 hadi 30. Ukipanda matatu ya Eastleigh, muulize makanga kabla hujakaa kama anapitia Kariokor, maana nyingine huzungukia Pangani na ukishtuka uko huko itabidi urudi kwa miguu. Mwenye gari aje mapema. Mchana nafasi za kuegesha huisha, na ukibahatika kupata moja utazibwa na walioingia baada yako.

Kabla ya bei na ngozi, kuna jina. Herufi ya mwisho iko kwenye maandishi tu, wenyeji wengi husema Kariokoo, na anayetoka Dar es Salaam atatabasamu kwa sababu kwao pia kuna Kariakoo. Yote mawili yamezaliwa na neno moja: Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipoingia vitani na Wajerumani wa Tanganyika mwaka 1914, barabara hazikuwepo, na mbung'o waliua farasi na ng'ombe wa kukokota. Risasi, unga na mahema vikabebwa kichwani na watu. Mwaka 1917 John Ainsworth, ofisa wa serikali ya kikoloni, alipewa kazi ya kuwakusanya vijana wa Kenya kwa wingi, na machifu wakawatoa kwa nguvu. Waliochukuliwa Kenya pekee walikuwa zaidi ya 150,000 katika vita nzima. Hesabu za serikali yenyewe zilionyesha vifo zaidi ya 40,000 vya wapagazi, na wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, baridi na uchovu, na kwa kulishwa unga wa mahindi ambao hawakupewa muda wala kuni za kutosha kuuivisha. Mishahara mingi ya waliokufa haikufika kwa jamaa zao. Oscar Watkins, aliyesimamia kikosi hicho, aliidai na serikali haikuitoa.

Kambi ya wapagazi jijini Nairobi ilikuwa hapa. Vita vilipokwisha jina likabaki, na baadhi ya watu pia. Nairobi ya wakati huo ilikuwa imekatwa kwa rangi: Wazungu kwenye miinuko ya magharibi, Wahindi Ngara na Parklands, Waafrika huku mashariki kwenye tambarare inayotuamisha maji. Sheria ya kipande, iliyotungwa 1915 na kuanza kushurutishwa baada ya vita, ilimlazimu mwanamume Mwafrika kuvaa karatasi zake za utambulisho shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Miaka ya mwanzo ya 1920 manispaa ikapima viwanja vya Pumwani, mtaa rasmi wa kwanza wa Waafrika, ambako wenyewe walijijengea nyumba za Kiswahili za miti na udongo, na si wachache kati ya wenye nyumba hao walikuwa wanawake. Mwishoni mwa muongo huo Kariokor ikapata nyumba za manispaa za namna ya mabweni: mwanamume mmoja, kitanda kimoja. Aliyezipanga aliamini kwamba Mwafrika ni mgeni wa mjini, anakuja kufanya kazi kisha anarudi kwao kwa mke na shamba. Kijiji cha zamani cha Pangani kikabomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na waliokuwa na nyumba zao pale wakaondolewa, wengi wakaingia Shauri Moyo kama wapangaji. Miaka ya 1940 zikafuata Ziwani na Kaloleni.

Tunayaeleza haya kwenye tathmini ya soko kwa sababu ukitazama vibanda utaona yamebaki. Mtaa wa watu waliohesabiwa vitanda, si familia, hauna majiko ya kutosha, basi si ajabu chakula cha kununua kikashika mizizi. Watu waliolipwa kidogo hivyo hawakununua kiatu cha dukani, walikata tairi. Na kiondo kimeingia mjini kutoka mashambani mikononi mwa wanawake ambao mpango wa jiji haukuwatengea hata kitanda. Kariokor ndiyo soko la Nairobi ambako vitu vitatu hivyo bado vinamaliziwa mbele ya macho yako, na kwa maoni yetu hiyo ndiyo sababu ya kuja hapa badala ya kununua kwenye duka la watalii. Kwa mchuuzi wa duka unanunua kilichopo. Hapa unamwambia fundi, "Mzee, nipunguzie kamba hii vidole vinne," na anapunguza.

Tuanze na vyondo, maana ndivyo vinavyokosewa zaidi.

Kiondo kizuri ni cha mkonge. Wafumaji wako Ukambani, Murang'a, Kirinyaga na kwingineko, si Nairobi. Nyuzi hutolewa kwenye jani la mkonge, hukaushwa juani, hutiwa rangi, kisha husokotwa kwa kiganja juu ya paja hadi ziwe kamba nyembamba. Kufuma huanzia kitakoni. Kamba za kusimama hupishanishwa katikati kama nyota, na nyuzi mbili za kuzunguka hupitishwa, moja mbele moja nyuma, zikibadilishana kila zinapovuka kamba. Kitako kinapopanuka, kamba mpya za kusimama huongezwa. Hapo ndipo ustadi ulipo. Mfumaji mzuri huziongeza zikiwa zimetawanyika sawasawa. Mwenye haraka huzirundika mahali pamoja, na kiondo kikapata tumbo upande mmoja. Kwa hiyo jambo la kwanza usiangalie rangi. Kiweke sakafuni, si mezani kwa muuzaji ambako kuna kitambaa, ukigonge kidogo kwa kidole. Kikiyumba, kitako hakikukaa, na hakuna ngozi itakayokinyoosha.

La pili, kigeuze kuelekea mwanga na uchungulie ndani. Ukiona vitone vya mwanga kila mahali, ufumaji umelegea, na nusu mwaka wa kubeba viazi utakivuta kiwe kama soksi. Mkonge uliobanwa sawasawa hupitisha mwanga kidogo sana. Hapo hapo, ingiza mkono na upapase: ncha za nyuzi zilizounganishwa ziwe zimezamishwa ndani ya ufumaji. Zikiwa zinachoma kiganja leo, kesho zitashika sweta.

La tatu ni rangi. Beba kitambaa cheupe, kilowanishe kidogo, ukisugue pale penye rangi iliyokolea zaidi, hasa nyekundu, nyeusi na buluu. Rangi ikitoka kwa wingi, haikushikizwa vizuri kwa kuchemshwa, na mvua ya kwanza itaihamishia kwenye nguo yako. Muuzaji mwaminifu hatakukataza kufanya hivyo. Akikukataza, mshukuru na usogee kibanda kinachofuata.

Siku hizi vyondo vingi ni vya uzi wa kiwandani, ule laini kama wa kufumia sweta. Vina rangi za kupendeza, ni vyepesi, na kwa mkoba wa kanisani vinatosha. Lakini havisimami vyenyewe. Ukiweka kilo tano za sukari vinanyong'onyea. Vingine vimechanganywa, mkonge wa kusimama na uzi laini wa kuzunguka, na kwa matumizi ya kila siku mchanganyiko huo tunauona wa heri kuliko uzi mtupu. Uliza wazi: "Mama, hiki ni mkonge mtupu au kimechanganywa?" Bei ya kwanza kutajwa haitakueleza tofauti, ila ukikunja ukingo kwa vidole utaisikia: mkonge hukaza, uzi hufuata mkono.

Sasa ngozi, kazi ambayo Kariokor inajulikana kwayo. Vyondo huletwa mafurushi kwa mafurushi bila mikono, vimepachikwa kimoja ndani ya kingine, na mafundi wa hapa huvipa ukingo, mikono, zipu na kitambaa cha ndani. Ushauri wetu ni kununua kiondo kitupu kwanza, ukikague, kisha ukipeleke kwa fundi ngozi. Kilichokwisha kushonwa huficha kasoro. Ukingo wa ngozi unaweza kuwa umefunika ufumaji uliokatika juu, na kitambaa cha ndani kikafunika kitako kibovu.

Mweleze fundi matumizi, si urefu tu. Mkoba wa begani unataka mkono wa sentimita 60 hadi 70, wa kushika mkononi 35 hadi 40. Mtazame anavyoushikiza. Fundi anayejua hakai na tabaka moja. Huweka kipande cha ngozi ndani ya kiondo na kingine nje, ufumaji ukabanwa katikati, kisha hupitisha msharasi, sindano nene ya kutobolea ngozi, kupitia tabaka zote tatu na kuvuta uzi uliopakwa nta hadi mshono uzame kwenye ngozi. Akimaliza huongeza riveti mbili. Kwa nini? Mkono ulioshonwa kwenye ufumaji peke yake huvuta nyuzi nne au tano tu, na mzigo mzito huzing'oa zote kwa pamoja. Kipande cha ndani huutawanya uzito. Hilo ndilo kosa linaloua vyondo vingi mjini: kiondo kizima kabisa, mkono umechomoka na donge la nyuzi. Ukikuta mkono umebandikwa kwa gundi na riveti moja bila kipande cha ndani, omba kirudiwe kabla hujalipa.

Ngozi yenyewe ikunje katikati hadi zikutane pande mbili. Ikipasuka juu kama rangi kavu ya ukuta, ni tabaka la chini lililopakwa rangi, na litachubuka. Kisha tazama ukingo uliokatwa: ngozi halisi ina nyuzinyuzi kote, ya bandia ina tabaka la plastiki juu na kitambaa chini. Ya bandia si dhambi, ni bei ya ngozi bandia tu unayopaswa kulipa. Kazi hii, fundi asipokuwa na foleni, ni ya saa moja hadi mbili. Mwachie, mlipe nusu, uende ukaagize nyama.

Kwenye lango la nyama utavutwa. Vijana wa kuita wateja watakushika mkono, kila mmoja na jina lako jipya: bosi, mrembo, kastama wangu wa siku zote. Salimia na uendelee kutembea. Zunguka mara moja ukitazama mambo mawili tu, nyama iliyotundikwa na moto. Nyama nzuri ni kavu kwa kidole, haitelezi, na mafuta yake ni meupe, hayajageuka manjano. Mbuzi wengi wanaoliwa upande huu wa jiji huchinjwa Kiamaiko, si mbali, kwa hiyo hakuna sababu ya kupewa nyama iliyolala. Moto mzuri hauna ndimi. Ni makaa yaliyokwisha kushika yote, yenye majivu mepesi juu.

Mbuzi ana sehemu tatu za kuagiza. Mbavu huiva kwa dakika 40 hivi na ndizo zenye ladha kubwa, kwa sababu mafuta yamepangana na nyama. Mkono, yaani mguu wa mbele, ni wa kutafuna na wenye mishipa. Wapenzi wake hawabadilishi. Paja huhitaji zaidi ya saa moja, na ndilo linaloharibiwa mara nyingi, kwa sababu mteja ana haraka na mchomaji anamhurumia kwa kulisogeza karibu na moto. Matokeo yake ni ngozi nyeusi nje na mbichi mfupani. Kama una dakika 45, agiza mbavu na usijidanganye.

Nyama hupimwa ikiwa mbichi pamoja na mifupa. Hesabu nusu kilo kwa kila mtu mzima mwenye ugali, na ujue kilo moja motoni hupoteza karibu theluthi. Wageni wengi hulalamika kwamba wamepunjwa wakati wameibiwa na moto tu. Tazama mizani ikiwa tupu kabla ya nyama kupanda, kubaliana bei ya kilo kwa sauti, na uulize kama kuchoma, ugali na kachumbari vimo ndani ya bei hiyo. Swali hilo la mwisho ndilo chanzo cha ugomvi mwingi wakati wa kulipa. Kisha ishike sura ya kipande chako: idadi ya mbavu, kovu la kisu. Saa saba Ijumaa majiko huwa na vipande kumi vinavyofanana, na kubadilishana hutokea bila nia mbaya.

Kuna makosa mawili mengine ya kujua. La kwanza ni nyama iliyochemshwa kabla ya kuchomwa ili iwahi. Utaijua kwa rangi ya kijivu iliyo sawa kutoka nje hadi mfupani, na nyuzi zinazoachana kama za supu. Harufu ya moshi iko juu juu tu. La pili ni nyama ya oda iliyoachwa na kupashwa upya: kingo zake hukunjamana na kuwa ngumu kama ukingo wa ukili. Dawa ya yote mawili ni kuagiza kipande kibichi, ukakiona kikiwekwa motoni.

Mchomaji akiona nyama inakaribia, huinyunyizia maji ya chumvi kwa majani au kwa mkono, si chumvi kavu, ili iingie bila kudondoka kwenye makaa. Ikiletwa, mwombe akate kwanza karibu na mfupa. Maji yakitoka mekundu na nyama ikang'ang'ania mfupa, irudi. Hakuna aibu, na mchomaji wa heshima huipokea bila neno. Ikiwa tayari, ataikata juu ya ubao, akifuata viungo kwanza, kisha mbavu moja moja, kisu kikitua mahali pale pale kila mara ubao ulipobonyea kwa kazi ya miaka. Pembeni huacha kifungu cha chumvi na pilipili mbichi iliyokatwa. Epuka kipande kilichopigwa kisu katikati ya mfupa mnene, kina vigae vidogo vya kuvunja jino.

Kachumbari ina siri moja: kitunguu kisuguliwe kwa chumvi na kusuuzwa kabla ya kuchanganywa na nyanya na dhania. Kisipooshwa, ukali wake unafunika ladha ya mbuzi. Ugali uagizwe mgumu, wa kushika nyama. Supu ya mifupa, ikiwepo, inywe kwanza ikiwa moto. Ikipoa mafuta yake huganda juu ya kikombe na raha imekwisha.

Huko nyuma, nyama ikiwa bado motoni, nenda kwenye viatu.

Akala ya kweli ni tairi tupu. Soli hukatwa kwenye sehemu inayokanyaga barabara, na mikanda hukatwa ubavuni mwa tairi, ambako mpira ni mwembamba na unakunjika. Fundi hulainisha kisu kwa maji kila baada ya mikato michache, maana mpira mkavu hukikamata. Hutoboa soli, hupitisha mkanda kwenye tundu, huuvuta, kisha huupigilia misumari mifupi iliyokunjwa ncha. Swali la kwanza kwa fundi liwe hili: tairi hili lina waya? Matairi mengi ya magari madogo siku hizi yana waya wa chuma ndani ya soli. Waya huo hukatika unapokunja mguu, ukachomoza na kudunga wayo au kukwaruza sakafu ya nyumba. Tairi la nyuzi za nailoni ndilo la akala. Likunje soli mbele ya macho yako na utazame ukingo uliokatwa: nyuzi huonekana kama kitambaa, waya humetameta.

Kipimo kichukue jioni au baada ya kutembea, mguu ukiwa umevimba kidogo, na usivae soksi. Kisigino kiachiwe nafasi ya upana wa kidole kimoja nyuma. Mpira wa tairi hauongezeki kama ngozi, kwa hiyo mkanda unaobana leo utabana mwaka kesho. Misumari ndiyo inayolegea kwanza, hasa ule wa kisigino. Akala ikianza kugonga kwa sauti tofauti unapotembea, usingoje. Ni kazi ya dakika tano kwa fundi yeyote hapa.

Ndala za ngozi zenye shanga ni kazi nyingine, na zinauzwa kwa wingi. Humo tazama mambo matatu. Soli ishonwe kandokando, isiwe imegundishwa tu. Gundi peke yake haivuki msimu wa mvua, na ikiwa fundi hakuiacha ikauke hadi isinase kidole kabla ya kubandika, itaachia hata kabla. Shanga ziwe zimeshonwa kwa uzi wa nailoni, kwa mafundo mengi njiani, ili mmoja ukikatika zisimwagike zote. Na unuse ngozi. Yenye harufu kali ya mzoga haikuiva kwenye dawa, na ikilowa harufu itarudi nyumbani nawe.

Malalamiko yetu makubwa ni bei. Hazijaandikwa popote, na Mkenya mwenye lafudhi ya kigeni huanzia mahali pa juu kuliko jirani yake. Usikasirike; tembelea vibanda vitatu, uliza kiondo cha ukubwa mmoja, nawe utajua pa kusimama. Wauzaji wa jumla wanaopeleka mali kwenye Maasai Market hununua hapa, na ukichukua vyondo vitano au zaidi una haki ya kuomba bei ya jumla. Lakini kwa kazi ya mkono iliyofanywa mbele yako, kama kurefusha mkanda au kushona upya mkono wa kiondo, usivutane kwa shilingi 50. Mwanga ndani ya vibanda vingine ni hafifu, kwa hiyo rangi uichague nje. Moshi wa majiko ni mzito mchana. Mwenye pumu akae karibu na uwazi au aje asubuhi.

Ukishiba na una muda, mtaa wenyewe unatembeleka mchana. Mabweni ya manispaa yalikwishaondoka na magorofa ya halmashauri yakachukua nafasi yake, lakini ukifuata General Waruinge Street unapita karibu na Starehe Boys' Centre, iliyoanzishwa 1959 na Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu kwa wavulana waliobaki bila makao wakati wa Hali ya Hatari ya miaka ya 1950, enzi za Mau Mau, na unafikia Hospitali ya Wazazi ya Pumwani, iliyofunguliwa 1926. Kaloleni ni mbali zaidi, panda gari. Katika ukumbi wake, tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alisimama kwenye mkutano na kudai uhuru kamili wa Afrika Mashariki bila kungoja; wiki tatu baadaye yeye na Fred Kubai, mwenzake katika vyama hivyo, walikamatwa. Nyumba za mawe za Kaloleni, zilizozunguka uwanja na ukumbi huo, zilijengwa kwa kazi ya mateka wa vita wa Kiitaliano, na bado ni mtaa uliopangwa kwa utulivu kuliko mingi iliyofuata. Nenda na mtu wa mtaa, uombe ruhusa kabla ya kupiga picha za nyumba za watu.

Kiondo chako kiache kwa fundi hadi utakapomaliza kula. Mkonge hunyonya moshi na mafuta ya mbuzi, na harufu hiyo haitoki kwa siku moja. Kikichafuka, kifute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, usikitumbukize, kijaze magazeti ili kishike umbo na ukianike kivulini, mdomo ukiangalia juu. Ila ukichukue kabla ya saa kumi na moja jioni, maana mafundi ngozi hufunga mapema kuliko wachoma nyama.